Moshi Una Mwenyewe

Eufrasia ni mtu wa maswali. Hata ugali ukiwa motoni, yeye huuliza tu. Mume wake, Maige, ana mashine ya dizeli ya kusaga mawe ya dhahabu kule Mwakitolyo. Ana gari na pikipiki pia.

Siku moja Maige alirudi kutoka mkutanoni akiwa na furaha.

"Mama Ngusa, tumekubaliana! Miti ya ngitili, yale malisho yetu ya akiba, imekwisha. Kila kaya itachimba mashimo sawasawa na kupanda miti. Asiyechimba, kiangazi halishi humo."

"Na Bibi Bernadina?" Eufrasia aliuliza.

Bernadina ni jirani yao, mjane mwenye mgongo mbovu na ng'ombe mmoja tu.

"Naye achimbe. Usawa ni usawa."

Eufrasia hakuridhika. Bila malisho ya ngitili, ng'ombe yule atakufa. Bibi ataishije?

Kesho yake alikuja Ignas, bwana misitu, kukagua eneo. Eufrasia alimkaribisha matobolwa, yaani viazi vitamu vikavu, na maziwa, kisha akaanza.

"Hivi miti hii ni kwa ajili ya malisho tu?"

"Ni kwa ajili ya moshi pia," alijibu Ignas. "Tukichoma mkaa, dizeli na petroli, hewa chafu hupanda juu na kuzuia joto lisitoke. Ndiyo maana mvua zinatuchezea. Miti huipunguza hewa hiyo."

Maige alicheka. "Huo ni moshi wa nchi tajiri! Wa Tanzania ni kiduchu."

"Kweli, wetu ni kidogo. Lakini nchi haiwashi injini, Baba Ngusa. Watu ndio wanaowasha. Wapo wataalamu wanaoshauri tumwangalie mtu, si nchi tu. Tajiri wa nchi maskini asijifiche nyuma ya majirani zake. Na maskini wa nchi tajiri asibebeshwe mzigo wa tajiri."

Eufrasia alimgeukia mumewe. "Ng'ombe wakila shamba la mtu, mnakitoza kijiji kizima?"

"Yaya, hapana! Anatafutwa mwenye ng'ombe."

"Mwenye kundi na mwenye ndama mmoja, wanatozwa sawa?"

"Wapi! Kila mtu kwa kadiri ya..."

Maige aliitazama pikipiki, akalitazama gari. Aliona aibu.

"Mke wangu, umenikamata," alisema.

Mkutano uliitishwa tena. Maige mwenyewe ndiye aliyesimama kuomba wabadilishe uamuzi. Wenye mashine, magari na matanuri ya mkaa walipewa mashimo mengi. Bibi Bernadina alisamehewa. Watu wakapiga makofi.

Bibi akainuka polepole.

"Wabeja, asanteni wanangu. Lakini nami napika kwa kuni. Moshi wangu ni mdogo, ila ni wangu. Nipeni shimo moja."

Alilichimba ameketi. Mti wake umeshika vizuri, na kiangazi hiki ng'ombe wake anakula ngitilini pamoja na kundi la Maige.

Siku hizi Maige huenda dukani kwa miguu. Eufrasia humuuliza kwa nini. Yeye hucheka tu na kuendelea na safari yake.