Mpira Ulioingia Kwenye Hesabu

Kila jioni kabla ya chakula, Kiberiti alijichoma kidole na kuweka tone la damu kwenye kipimo cha sukari. Jina hilo la utani alilipata kwa kuwa alikuwa mdogo na mwepesi wa kuwaka. Alikuwa na kisukari, na bila sindano za insulini asingeweza kuishi.

Dada yake, aliyesoma hisabati chuoni, alitunga kanuni ya kubashiri sukari yake: chakula kinapandisha, insulini inashusha. Jumapili kanuni ilipatia. Siku za shule, wapi!

"Sukari nne tena! Mimi nilitegemea nane," dada alisema akijikuna kichwa. "Mama, labda dawa inamzidi. Kesho tumwombe daktari aipunguze."

Mama, fundi cherehani, alisimamisha mashine akamgeukia Kiberiti. "Mwanangu, shuleni unakula kweli?"

"Nakula, mama. Sibakishi."

Hapo hakudanganya. Alichoficha ni mpira. Mama alimkataza tangu siku alipoishiwa nguvu uwanjani akaanguka, lakini kila masomo yakiisha Kiberiti alikimbilia uwanjani. Na Jumamosi kulikuwa na mechi! Akisema, kwaheri mpira. Akinyamaza, dawa itapunguzwa, na siku asizocheza sukari itapanda. Kesho yake wote watatu walikwenda kliniki, naye bado hajaamua.

Daktari alishika kalamu aandike kipimo kipya cha dawa.

"Daktari, ngoja!" Kiberiti alisimama. "Usipunguze. Huwa nacheza mpira kila siku baada ya shule."

"Ala! Kumbe ndiyo maana soksi zako hazikosi matundu!" Mama alimaka, kisha machozi yakamlengalenga. "Mimi roho juu, wewe unafukuza mpira?"

"Nisamehe, mama. Nimekosa kukuficha. Lakini mpira naupenda, siwezi kuuacha. Dada, uingize kwenye hesabu."

Dada alijipiga paji la uso. "Misuli inayokimbia inatumia sukari! Nami nailaumu dawa!"

Daktari alicheka. "Mama, mpira si adui. Hatari ni kuuficha. Apime kabla ya kucheza, ale kitu, apime tena, na mwalimu wake ajue. Dawa ya siku za mpira tutaipanga pamoja."

Jumamosi mama alikaa kando ya uwanja, ndizi mkobani, kipimo mkononi. Timu ilifungwa mabao mawili kwa moja, na hilo moja lilikuwa la Kiberiti. Mechi ilipoisha, dada alibashiri saba. Kipimo kikaonyesha saba nukta mbili. Dada aliruka kuliko alivyoruka kwa lile bao.

Mama alimfuta binti yake jasho. "Sikia, mwanangu. Mteja akinipa vipimo vya uongo, hata niwe fundi hodari vipi, nguo itambana. Na mwili wako ni vivyo hivyo. Tupe vipimo vya kweli, nasi tutakushonea maisha yanayokutosha."

"Ndiyo, mama."

"Haya, vua hizo soksi nizitie viraka. Jumamosi ijayo lazima mshinde."