Basi Ioe Seli Yako

Sokoni, saa ya watu kubanana, mtu alipiga kelele ya mwizi, na umati ukamrukia kijana wa koti jeupe kwa sababu tu alikumbatia boksi na alitembea haraka. Ngumi zilimshukia kama mvua. Mdomo ulipasuka, koti likalowa damu, boksi hakuliachia. Msusi wa kibanda cha jirani, gauni la manjano, kitana bado mkononi, alipenya katikati ya mateke na kumlalia.

"Ni mume wangu," alisema. "Nipigeni na mimi basi."

Watu wakasita. "Asante, mke wangu," kijana alinong'ona kwa meno yenye damu, na msusi akacheka bila kutaka.

Alikuwa mtafiti. Ndani ya boksi mlikuwa na seli za jua, vipande vya silikoni vyembamba kama karatasi, alivyokuwa akivipeleka kupimwa. Huku akifutwa damu alimweleza kwamba anatafuta seli itakayotoa umeme mwingi kuliko zote kwa jua lile lile, na kwamba seli hizo hupasuka hata kwa kikumbo. Tangu hapo kila alipokwenda kupima alipitia kibandani. Wasusi wakambandika jina la Bwana Jua, na simu zake na msusi zikawa za usiku, hadi mmoja apitiwe na usingizi.

Lakini maneno ya sokoni yana miguu. Kaka wa msusi, mchomelea vyuma aliyemlea tangu wazazi wafariki, akasikia dada yake ana mume ambaye yeye hajaletewa hata salamu zake. Alikuja kibandani, akamwangusha mtafiti mlangoni, akamtwanga mateke ya mbavu. Dada alipoingilia, alizabwa kofi lililombamiza ukutani. Mtafiti aliliona. Akabaki amejikunja juu ya boksi.

Hilo lilimuuma msusi kuliko kofi. Akaacha kupokea simu. Siku aliyopokea, akakuta sauti ya furaha.

"Mpenzi, moja imezishinda zote. Nataka uione wewe kwanza, kabla ya wakubwa wangu."

"Basi ioe hiyo," akasema, akakata.

Mtafiti alikuja kibandani hivyo hivyo, boksi kifuani. Kaka mtu alikuwa amemtangulia, nondo mkononi, akimwambia dada yake achague: aache uhuni au avunjwe miguu akae ndani. Msusi alijibu kwamba hana cha kuacha. Nondo ikapanda. Mtafiti alijitupa kati na kuikinga kwa boksi. Nondo ikalipasua, ikapitiliza, ikamvunja mkono. Vipande vya seli vikatapakaa kwenye nywele zilizokatwa.

Kaka aliuona mfupa, nondo ikamponyoka.

Msusi alipiga magoti, akaufunga mkono kwa mtandio wake.

"Ndiyo ile iliyozishinda zote?"

"Ndiyo yenyewe. Nitatengeneza nyingine." Mtafiti alisaga meno, akamtazama kaka. "Shemeji, siku ile sikunyanyuka, na najuta. Nakuja kuposa. Mkono wa kukusalimia ndio huo, utanisamehe."

Msusi aliiokota nondo, akaitupa barabarani.

"Umemsikia, kaka. Siku hiyo uje mikono mitupu, au usije."