Mota Isiyonyamaza

Bisha uone. Wenye vyeti wamebisha, wakaja gerejini kwetu Mtendeni wakicheka, wakaondoka wameshika masikio. Mimi shule niliikimbia darasa la sita, lakini kwa mlio wa mota Tabora nzima hakuna wa kunishinda, labda bosi wangu, Fundi Egidi.

Bajaji ya umeme ya Mektilda, inayopeleka wagonjwa hospitali ya Kitete, ilirudi siku ya tatu baada ya kufungwa beringi mpya.

"Fundi, abiria wanashuka njiani wanalia," Mektilda alisema. "Hawasemi kwa nini."

Egidi akainua gurudumu la nyuma, akaiwasha. Ukitaka kujua mlio unatoka wapi, kata umeme gurudumu likizunguka: ukikoma papo hapo, ni sumaku na waya, ukififia pamoja na gurudumu, ni beringi. Akakata. Gurudumu likasimama. Mlio ukaendelea.

"Dogo, chomoa betri."

"Nimeshachomoa."

"Usinitanie."

"Waya huu hapa, Fundi!"

Ilikuwa adhuhuri, jua kali, na gereji ikanuka jasho la watu wengi. Egidi akagusisha ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini sikioni, kama tufanyavyo siku zote.

"Ni miguu," akanong'ona. "Watu wengi. Wamefungwa pamoja."

Kisha akaidondosha bisibisi, akatoka, akashika njia ya mashariki, ile ya misafara ya zamani ya watumwa kutoka Ujiji kwenda pwani, kwa hatua fupifupi, mkono mmoja shingoni akilegeza kitu tusichokiona, nasi tukamvuta nyuma, naye akawa mzito kana kwamba msururu mzima unamvuta upande wa pili.

Tukamwita Shehe Sadiki wa msikiti wa jirani, akamsomea dua sikioni. Hakusimama.

"Mmefungia nini cha watu hao humo motani?" shehe akauliza.

Nikakimbia kufungua mota. Nyuma ya beringi, pete nyeusi ya chuma. Shehe alipoizika tu, Egidi akaanguka, akalia. Mpaka leo hagusi bisibisi, na mtaa unasema alijitakia kwa kuokota vyuma hovyo.

Haya, kuna kipande nimekiruka. Pete niliiweka mimi. Nilichimba shimo la choo kwa bibi yangu, mtaa wa Chemchem, nikakuta pete mbili za mnyororo wa kale. Beringi mpya ya Mektilda ilikuwa inacheza kwenye nafasi yake. Nikasawazisha pete moja kwa tupa, nikaibana nyuma yake, ikakaa kama imezaliwa pale. Nikajisifu moyoni. Egidi aliposemwa, nikanyamaza.

Ya pili niliifunga siku ileile kwenye bajaji ya Shamimu. Yuko mlangoni sasa hivi. Ameizima, mlio haujakoma.

"Kaka," anasema, "hebu nisikilizie."

Bisibisi ninayo mkononi.