Bahasha ya Bibi Cherehani

Kila siku ya shule, kengele ya mwisho ikishalia, Karani alipita kwanza kwenye famasi ya baba yake. Alinawa mikono kwenye karo la nyuma, akakaa juu ya kiti kirefu kando ya kaunta, akavuta boksi la bahasha ndogo za karatasi. Kazi yake ilikuwa kuandika jina la mgonjwa, jina la dawa, vidonge vingapi na mara ngapi kwa siku.

Karani halikuwa jina lake la kuzaliwa. Baba alimbandika jina hilo alipokuwa darasa la tatu, kwa sababu ya mwandiko wake. Herufi zake zilisimama wima kama askari kwenye gwaride, hakuna iliyomwegemea mwenzake.

"Madaktari wanaandika kama kuku aliyekanyaga wino," baba aliwaambia wateja. "Lakini Karani wangu, hata aliyesahau miwani nyumbani atamsoma."

Wateja walicheka, na Karani akavimba kichwa kidogo.

Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, ilitundikwa leseni ya baba. Ilieleza kwamba mfamasia lazima awepo dukani wakati wote dawa zinapotolewa. Karani alikuwa ameisoma mpaka ameihifadhi kichwani. Alijua pia jambo ambalo halikuandikwa pale. Baba alisimamia duka jingine la dawa upande wa pili wa mji, na kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni alikuwa huko. Saa hizo hapa alibaki shangazi, dada yake baba, mtu mcheshi na mwepesi wa mikono, ambaye hakusomea dawa hata siku moja. Alizijua kwa rangi za maboksi.

"Miaka sita nimo humu," alipenda kusema. "Sasa dawa zenyewe ndizo zinazonijua mimi."

Jumatatu moja, saa tisa na nusu, aliingia Bibi Cherehani. Karibu sare zote za shule zilikuwa zimepita mikononi mwake, ndiyo maana watoto wakampa jina hilo. Tena alikuwa bibi yake Twiga, msichana mrefu aliyekaa dawati moja na Karani tangu darasa la kwanza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Karani. Naona hiyo sketi imeanza kukupanda magotini. Niletee niishushe pindo kabla mwalimu hajakurudisha nyumbani."

Alimpa shangazi cheti cha daktari. Shangazi alikigeuza huku na huku, akakiinua kwenye mwanga, kisha akatoa boksi kwenye rafu ya pili na kuhesabu vidonge.

"Andika. Dawa ya presha. Kimoja asubuhi, kimoja jioni."

Karani alivuta boksi ili anakili jina. Herufi za mwanzo zilifanana na zile za kwenye cheti, lakini mwisho haukufanana. Akaligeuza boksi. Ubavuni, kwa maandishi madogo, palisomeka kwamba dawa ile ni ya wagonjwa wa kisukari.

"Shangazi," alinong'ona, "hii imeandikwa ya kisukari. Tumpigie baba simu?"

"Tumpigie ili aseme kazi imenishinda? Huyo daktari amekwaruza tu. Andika, watu wanangoja."

Nyuma ya Bibi walikuwepo wateja wawili, na mmoja alikwishaanza kukohoa kikohozi cha hasira. Bibi mwenyewe hakusikia kitu, alikuwa anapekua mkoba wake. Karani alimtazama. Alikuwa na nafasi ya kusema. Akainamisha kichwa, akaandika, herufi wima, safi, moja baada ya nyingine.

Jumatano Twiga hakuja shuleni. Alhamisi alikuja macho yamemvimba.

"Bibi ameanguka," alisema. "Jana asubuhi alimeza dawa, akaanza kutoka jasho na kutetemeka, macho yakaingia giza. Akaporomoka kwenye ngazi za kibanda chake. Mkono wa kulia umevunjika mahali patatu."

"Hospitali wamesemaje?"

"Wamesema sukari ilishuka karibu iishe kabisa. Daktari akamwaga vidonge kiganjani, akauliza, 'Bibi, una kisukari?' Bibi akasema hana. Daktari akauliza, 'Sasa hizi nani kakupa?' Mama anaandika malalamiko kwa Baraza la Famasi. Ataambatanisha cheti, vidonge na bahasha yenyewe."

Siku nzima Karani hakusikia hata somo moja.

Wakaguzi wa Baraza walikuja Jumanne ya pili, bila taarifa, saa kumi alasiri. Walikuwa wawili, kijana mmoja aliyebeba mafaili na mama mfupi mwenye miwani, aliyezungumza polepole kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Karani alikuwa kwenye kiti chake, daftari la shule wazi mbele yake.

"Mfamasia yuko wapi?" aliuliza yule mama.

"Ametoka kidogo tu," shangazi alijibu. "Amekwenda kula."

"Basi tutamsubiri amalize."

Walisubiri saa nzima. Baba aliingia mbiombio, shati limelowa mgongoni. Mkaguzi hakumuuliza alikokuwa. Alifungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole kwenye saini.

"Leo ni Jumanne," alisema. "Naona Alhamisi na Ijumaa umeshazifanyia kazi. Hongera kwa bidii."

Mkaguzi akatoa mfuko wa plastiki. Ndani yake ilikuwemo bahasha.

"Hii nani ameiandika?"

Karani aliona herufi zake zikimtazama kupitia plastiki ile.

"Hiyo si ya kwangu," baba alisema. "Bahasha kama hizo zinapatikana kila mahali. Na yule bibi, tusifichane, umri umekwenda. Huenda amechanganya dawa zake na za jirani."

Mkaguzi aliwaomba baba na shangazi, kila mmoja kwa karatasi yake, waandike maneno yale yale ya kwenye bahasha. Baba alipoinama kuandika, aliweka kiwiko juu ya daftari la Karani na kulifunga. Alifanya polepole, kama bahati mbaya. Mkaguzi aliona. Alimtazama Karani kwa muda mrefu.

"Watoto siwahoji bila idhini ya mzazi," alisema mwishowe. "Kikao cha nidhamu ni baada ya wiki tatu. Wahusika wote mtaitwa."

Jioni ile, meza ya chakula ilipokwisha kufutwa na mama akiwa jikoni, baba alimkalisha Karani chini.

"Mwanangu, kuanzia kesho herufi zako zilale kushoto. Mkia wa g ukate. Na siku ile hukuwepo dukani. Umenielewa?"

"Lakini Baba, Bibi hakuchanganya—"

"Nimekuuliza, umenielewa?"

"Ndiyo, Baba."

Kwa wiki mbili Karani aliuharibu mwandiko wake kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kujifunza. Mwalimu alimrudishia insha akisema, "Umeanza kuandikia miguu?" Darasa likacheka. Twiga hakucheka. Alilitazama daftari, akamtazama Karani, akatazama tena daftari. Kisha akachukua mkoba wake, akahamia dawati la nyuma. Karani hakuhitaji kuelezwa kwamba mwenzake amejua.

Wakati huo maneno ya baba yalikuwa yameshatoka dukani. Shangazi alimwambia mteja mmoja, mteja akamwambia muuza mboga, na kabla ya wiki kwisha mtaa mzima ulikuwa unasema Bibi Cherehani amezeeka, anakula dawa kama karanga. Mzazi mmoja alikwenda kuchukua kitambaa cha sare alichokuwa amekiacha, akasema atatafuta fundi mwingine ambaye kumbukumbu yake bado ina nguvu.

Jumamosi asubuhi, siku tano kabla ya kikao, Karani alijikaza, akaenda kumwona. Bibi alikuwa amekaa kibarazani, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka.

"Karibu, Karani. Twiga amekwenda sokoni na mama yake."

"Nimekuja kukuona wewe, Bibi. Unaendeleaje?"

"Mkono unauma, lakini huo niache nao. Kinachonitisha ni kichwa." Alijigusa kipaji cha uso kwa mkono wa kushoto. "Wanasema nilichanganya vidonge. Mwanzo nilikasirika. Sasa kila nikiweka kitu nikakisahau, najiuliza, jamani, si kweli hayo? Jana nimewasha jiko, nikarudi mara tatu kuangalia kama nimelizima. Nimemwambia mwanangu Jumatatu akayafute hayo malalamiko. Nisije nikamwangamiza baba yako bure kwa sababu akili yangu imeniacha."

Karani alitaka kusema pole. Hilo neno lilikuwa fupi na rahisi mno.

"Hukuchanganya, Bibi," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika ile bahasha. Nilisoma boksi, niliona ni dawa ya kisukari. Nilimwambia shangazi, akanikaripia, nikanyamaza. Nilijua, Bibi. Ulikuwa umesimama mbele yangu, na nilijua."

Bibi hakumkemea. Hakumkumbatia pia. Alimwangalia tu, uso wake ukawa kama mlango uliofungwa.

"Nenda nyumbani," alisema baadaye. "Nenda kawaambie wazazi wako hayo uliyoniambia."

Karani aliwaambia mchana ule ule. Shangazi naye alikuwepo. Baba alisimama ghafla hata kiti kikaanguka.

"Unajua ulichofanya? Umenikata mikono! Mimi baba yako, umenikata mikono!"

Mama mpaka hapo hakujua kisa cha bahasha, wala cha mwandiko. Alikiinua kile kiti taratibu, akakiweka sawa.

"Mikono yako mizima," alisema. "Uliovunjika ni wa mama wa watu. Ukamfundisha mtoto uongo, na yule mzee ukamtangaza kichaa. Alhamisi utakwenda kusema kweli, ama nitakwenda mimi na huyu mtoto."

Shangazi alibeba mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Siku ya kikao Karani na mama walikaa kwenye benchi la ushoroba, mbele ya mlango mweupe. Bibi na binti yake walikuwa kwenye benchi la pili. Baba alipoingia, alikuwa na karatasi ya utetezi wake mkononi. Alipotoka, karatasi ilikuwa imekunjwa mfukoni, haikusomwa.

"Nimewaambia yote," alisema. "La duka la pili, la saini, la dada, la bahasha."

Uamuzi ulisomwa siku ile ile. Baba alifungiwa kufanya kazi ya ufamasia kwa miaka miwili, na kabla ya kurudi atafanya mtihani upya. Leseni ya famasi ilifutwa. Shangazi alipelekwa polisi ajibu kosa la kutoa dawa bila kusomea. Kwa maandishi, Baraza lilitamka kwamba mgonjwa alimeza dawa kama alivyoelekezwa na hakukosea chochote. Binti yake Bibi aliisoma barua ile kwa sauti pale pale ushorobani, akairudia, ili waliopita wasikie.

Kesho yake wakaguzi walifunga duka kwa kufuli na kubandika tangazo mlangoni. Tangu siku hiyo shangazi hakuitika salamu ya Karani. Twiga aliitika, lakini dawatini hakurudi.

Miezi miwili ilipita. Plasta ilipotolewa, baba alimshika Karani mkono wakaenda kwa Bibi Cherehani. Baba alisimama kibarazani kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Sina la kujitetea."

Bibi alinyoosha mkono wake wa kulia wauone. Kifundo kilikuwa kimeunga upande. Alijaribu kukunja vidole, viwili vikakubali, vitatu vikabaki vimenyooka.

"Mkasi haukamatiki," alisema. "Daktari anasema hautakamatika tena. Radhi nimekupa, mwanangu, lakini usiende ukidhani yamekwisha. Ile leseni uliitundika ukutani ili sisi tusiojua dawa tumeze bila hofu. Sisi tuliiamini, wewe uliigeuza pambo."

Bibi akamgeukia Karani.

"Na wewe sikudanganyi, maana umeshakua. Uliposema kweli ulinirudishia akili yangu, na nitakushukuru kwa hilo mpaka kufa. Mkono hukunirudishia. Ungesema siku ile, pale kaunta, ningekuwa navyo vyote viwili. Kazi yoyote utakayopewa inayogusa uhai wa mtu, ukiwa na shaka, iseme kabla mtu hajameza. Iseme hata kama anayekukaripia ni shangazi yako, hata kama foleni imefika barabarani. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi," Karani alisema, na machozi yakamtoka.

Bibi alimwacha alie. Kisha akafunua shuka juu ya cherehani, akavuta uzi mweupe na sindano.

"Haya, nitungie uzi," alisema. "Nataka nijaribu kwa mkono wa kushoto."