Alichopakwa Nafula Machoni

"Kwangu haingii!" Senge alitupa mwiko kwenye sufuria. "Nimesema, Nafula. Huyo mtu haingii kwangu."

"Huyo mtu ni dada yangu."

"Mimi ndiye niliyekulea. Yeye amekulea?"

"Wewe uliniambia amekufa! Uliniambia Nalianya alikufa kwa surua, nikamlilia. Kumbe yuko hapo Mukuru kwa Reuben, anafanya kibarua kiwandani, anakunywa chai kama watu wengine. Mtu anaombolezwaje akiwa mzima, Senge?"

"Nilikuambia hivyo ili ulale usingizi."

"Basi nimeamka. Niambie kwa nini."

Senge Roselida alikuwa dada ya baba yake Nafula, na Wabukusu humwita senge dada ya baba. Ndiye aliyemleta Nafula Nairobi akiwa mdogo kabisa, akamlea katika chumba kile cha mabati pale Kiamaiko kwa kuuza mitumba na kushindia uji. Hakuwa mtu wa hasira. Lakini siku hiyo alifoka, akawa anatazama mlango kana kwamba kuna mtu amesimama nje akisikiliza.

"Mlitenganishwa na nyanya yenu mwenyewe," alinong'ona. "Alikuwa na sababu. Zaidi ya hapo usiniulize."

"Nakuuliza."

"Basi kamuulize huyo dada yako."

Jioni ile ile Senge alifunga nguo zake kwenye leso, akaenda kwao Kimilili. Alisema anaenda kupalilia mahindi. Haukuwa msimu wa kupalilia.

Nalianya alikuja Jumapili na mkate na sukari. Wapangaji wote wa ploti walitoka kumwangalia, maana sura zao zilikuwa moja, ile ya mgeni imekomaa tu kidogo.

"Wee Nafula!" Mama Otiende, jirani yake, aliita kutoka kwenye mfereji. "Huyu ni wewe mkopo umekuzeesha?"

"Mimi ndiye yeye akishalala vizuri, mama," Nalianya alijibu, na watu wakacheka, wakampenda papo hapo.

Waliongea mpaka chai ikapoa. Nalianya alikuwa amelelewa na watu wa mama yao, akahama nyumba hadi nyumba, na kila mahali watu walimwambia ana mdogo wake Nairobi. Alimtafuta kanisani, akamtafuta sokoni. "Nilikuwa nikiona kisogo cha msichana, nakimbia namgeuza," alisema. "Nimetukanwa sana." Nafula alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Maishani mwake hakuna mtu aliyewahi kumtafuta.

Kulikuwa na jambo moja tu. Nalianya hakumwangalia mtoto.

Wanyonyi, mwana wa Nafula, ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kukaa bila kuegemezwa. Baba yake alishaenda zake kabla hajazaliwa, kwa hiyo Nafula alikuwa na huyo tu, na huyo alikuwa na Nafula tu. Kila mgeni akiingia huomba kumpakata. Nalianya alikaa akimpa mgongo, na mtoto alipocheka yeye alitazama ukuta.

"Nilizika wawili," alisema kwa sauti ya chini. "Usinilazimishe."

Nafula hakumlazimisha. Alipakua ugali na mboga, akasogeza sahani moja katikati yao. Nalianya akamshika mkono.

"Hatuwezi kula chungu kimoja hivi hivi. Damu ikishatenganishwa, lazima achinjwe mbuzi, tupakane yale majani ya tumboni. Hukuambiwa?"

Nafula aliangua kicheko. Kazi yake ilikuwa kuosha matumbo kichinjioni. Yale majani mabichi yaliyosagwa tumboni mwa mbuzi aliyakamua na kuyamwaga mtaroni kila siku, na harufu yake ilikuwa imehamia kwenye nywele. "Dada, huku hayo ni takataka. Ungesema mapema, ningekuletea karai zima."

"Si ya mbuzi wa biashara. Ya mbuzi wetu."

Kumbe mbuzi alikuwa ameshanunuliwa. Alikuwa amefungwa kwenye lango la ploti, mdogo, rangi ya majivu, na hakulia hata mara moja. Abdiqadir, mzee anayechinja pale Kiamaiko, alikuja akamchinja na kwenda zake. Nalianya akapasua tumbo mwenyewe, akachota majani yakiwa bado yanatoa mvuke.

Mtu mwingine angeziba pua na kukataa. Nafula alikuwa amezoea.

"Fumba macho," Nalianya alisema.

Vidole vyenye joto vikapita juu ya kope zake, moja kisha ya pili.

"Si huwa yanapakwa kifuani?" Nafula aliuliza. Alikuwa amewasikia wanawake wa kanisani wakieleza.

"Kwetu ni hapa."

Nafula aliona aibu. Yeye ni mtoto wa Nairobi, wa Eastlands. Lugha ya mama yake hakuijua, desturi za kwao alizisikia kwa watu. Yeye ni nani hata amwambie dada yake jinsi kwao wanavyofanya? Nalianya akaanza kusema kwa Kibukusu, maneno marefu, ya polepole, na sauti yake ikapanda mwishoni kama mtu anayeuliza. Katika yote hayo Nafula alitambua jina lake tu.

"Sema ndiyo."

"Ndiyo," alisema Nafula.

Alipofumbua macho, Nalianya alikuwa amempakata Wanyonyi. Alikuwa amemkodolea macho, amemwinamia karibu sana, machozi yakimdondokea mtoto shavuni.

"Kumbe huwa na kope ndogo hivi," alisema mwanamke aliyezaa mara mbili.

Alfajiri, kukiwa bado giza, Nafula alimfunga mtoto mgongoni, akampeleka kwa Mama Otiende kama kawaida, akaenda kazini. Jua lilikuwa limetoka. Lori la mbuzi kutoka Isiolo lilikuwa limeshapakua, na wanyama walisimama kwenye foleni wakisukumana na kulia. Nafula aliinama, akainua karai lake, akatazama ile foleni bila kufikiria chochote.

Mbuzi wa kwanza akaanguka.

Kisu kilikuwa bado kiunoni mwa Abdiqadir. Watu walidhani mbuzi amechoka na safari. Nafula akamtazama wa pili. Akaanguka. Macho yake yakahamia kwa wa tatu kabla hajayazuia, na wa tatu akapiga magoti, akalala, akanyoosha miguu.

Kelele zilinyamaza. Mbuzi wote waliobaki walikuwa wamegeuka, wamempa mkia.

Aliyekufa bila kuchinjwa haliwi, lakini Abdiqadir alimpasua mmoja ili ajue ni ugonjwa gani. Alipochuna ngozi ya tumbo, kitu kikadondoka sakafuni. Punje ya mahindi. Kisha nyingine. Zilikuwa zimejipanga chini ya ngozi, kati ya ngozi na nyama, mahali ambapo chakula hakifiki. Zilikuwa zimeota mizizi.

Mzee alisimama, akasema bismillahi, akaja akasimama mbele ya Nafula huku akitazama viatu vyake mwenyewe.

"Binti yangu," alinong'ona, "hili ni jicho. Nimeliona kwa bibi mmoja huko kwetu Moyale. Nani amekupa?"

"Sijapewa kitu, mzee."

"Usiinue uso. Nenda nyumbani. Una mtoto?"

Nafula alidondosha karai. Alikuwa ameshaanza kukimbia.

Alimchukua Wanyonyi macho yakiwa chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Alimlaza kwenye godoro, akamfunua nguo ili aone kama ni mzima. Alikuwa mzima. Alikuwa anacheka.

Kisha mtoto akapiga yowe.

Pale Nafula alipotazama, karibu na kitovu, ngozi iliinuka. Kilichoinuka kilikuwa kidogo, kama punje. Kikasogea. Nafula akahamisha macho hadi kifuani, na chenyewe kikayafuata. Akageuza uso ukutani. Mtoto akanyamaza.

Alifunga kitambaa machoni kwa fundo la nguvu. Kwa kupapasa alitafuta simu, akabonyeza namba ambayo vidole vyake viliijua hata gizani.

"Senge."

Upande wa pili ilisikika pumzi. "Amekupaka."

"Ulijua?"

"Nilijua mama yangu alikuwa na jicho hilo. Kila mtoto aliyetazamwa naye baada yetu alizikwa. Nyinyi wawili mlizaliwa nalo, Nafula. Nyote wawili. La Nalianya liliamka alipozaa. Lako lilikuwa limelala, hata ulipozaa halikuamka, ndiyo maana nilikuficha. Yakikutana, mwenye kupaka anapona. Aliyepakwa anabeba yote mawili, nayo huamka kesho yake jua likichomoza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniogopa. Ungejiogopa."

"Nitalitoaje?"

"Hulitoi. Unampa mwingine. Mwanamke wa damu yetu, naye awe amekubali."

Nafula alikaa na simu sikioni. Mtoto alikuwa ananyonya, mkono wake mdogo ukipapasa kitambaa.

"Senge," alisema polepole. "Wewe ni mwanamke wa damu yetu."

Kuku walisikika wakilia huko Kimilili. Pumzi ya Senge ilisikika pia. Halafu simu ikakatwa, na Nafula alipopiga tena ikawa imezimwa.

Alikaa hivyo siku ile, na iliyofuata. Alipika akipapasa, akaungua. Alinyonyesha bila kuona. Mama Otiende alipobisha, alimwambia macho yanauma, aachwe tu. Mchana wa joto kali, mabati yakilia juu ya kichwa, usingizi ulimshinda akiwa amekaa.

Alizinduka. Mwanga. Kitambaa kilikuwa kimeteremka shingoni. Wanyonyi alikuwa mapajani mwake, midomo mikavu, akimtazama mama yake moja kwa moja. Hakulia. Tumbo lilikuwa limevimba, na ngozi yake yote ilikuwa inatembea.

Nafula alifumba macho, akapiga kelele. Mlango ukafunguliwa kabla kelele haijaisha, kana kwamba mtu alikuwa amesimama hapo hapo.

"Funga kitambaa," ilisema sauti ya Nalianya. "Haraka. Mlaze godoroni."

"Umenifanyia nini?"

"Funga kwanza. Aliyewahi kulibeba anajua kuzitoa hizo punje. Unataka tugombane ama unataka mtoto?"

Nafula alifunga. Alisikia magoti ya dada yake yakigusa sakafu, kisha midomo ikinyonya ngozi. Kisha kitu kikatemwa kwenye kikopo. Kikalia. Kingine. Kikalia. Kingine. Kikopo kiliendelea kulia kwa muda mrefu sana. Mwishowe mtoto akalia, kilio kizuri chenye nguvu, cha njaa.

"Amepona," Nalianya alisema akihema. "Kwa leo."

"Ungenieleza. Mimi ni mdogo wako. Ungekaa hapa ukanieleza."

"Ungekubali?"

Nafula alikaza fundo la kitambaa.

"Wa kwanza nilimwangalia akilala," Nalianya alisema. "Asubuhi moja tu. Wa pili nilimzaa macho yamefungwa, nikamlea macho yamefungwa, kama wewe sasa. Fundo lililegea mara moja. Hakuna fundo lisilolegea, Nafula."

"Ulinitafuta miaka yote hiyo."

"Nilikutafuta."

"Ulisema ulikuwa unawakimbilia watu barabarani."

"Nilikuwa nawakimbilia. Si uongo."

"Ulikuwa unanitafuta mimi, au ulikuwa unatafuta pa kuliweka?"

Nalianya aliinuka. Nafula akasikia leso ikikung'utwa, ile leso yake mwenyewe iliyokuwa msumarini. Akasikia nepi zikikusanywa, kwa utaratibu, na mtu aliyejua kila kitu kimewekwa wapi. Ndipo alipoelewa kwamba macho yake hayakuwa mwisho wa safari ya dada yake.

"Nalianya. Muache."

"Akibaki, kesho utampeleka makaburini. Kwangu ataishi. Ataitwa vile vile, Wanyonyi. Nitamwambia ana mama mdogo Kiamaiko."

"Mimi ndiye mama yake!"

"Basi fanya kile ambacho mama angefanya."

Nafula alipapasa godoro mbele yake. Alishika mguu wa mtoto, mdogo, wenye joto, unaorusha teke. Aliushika. Alimkumbuka vile alivyomwona mara ya mwisho, midomo mikavu, ngozi inayotembea. Kisha alifungua vidole kimoja kimoja; mimi niliyesimuliwa haya na jirani asiyedanganya siwezi kueleza nguvu alizipata wapi.

Mtoto aliinuliwa. Nafula alibaki ameweka kiganja kwenye godoro pale mtoto alipokuwa amelala. Mpaka leo pale pana unyevu wa umbo la mtoto, kichwa na mikono miwili. Mama Otiende amelianika lile godoro juu ya mabati juani, kiangazi kizima. Haukauki.

Miguu ya Nalianya ilielekea mlangoni. Hapo ndipo hasira ilimpanda Nafula. Alimkumbuka mbuzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Macho haya si alipewa? Basi ayatumie. Dada alikuwa hatua chache tu, ameshampa kisogo. Nafula aliinua mkono, akashika fundo la kitambaa.

Miguu ikasimama.

"Usifungue macho, mdogo wangu," Nalianya alisema pale mlangoni. "Nimembeba mgongoni. Anakuangalia."