Kaharabu ya Nicolasa

Kru, kru, kru. Usiku wa manane Pascuala alishtuka, akadhani ni panya kwenye mahindi. Kumbe sauti inatoka mkononi mwa mtoto.

Nicolasa, wa miezi mitano, alifungwa kaharabu, utomvu wa kale uliogeuka jiwe, kwenye kifundo cha mkono kama watoto wote wa mji wa machimbo wa Simojovel, jicho la husuda lisimpate. Ndani ya kaharabu ile mlikuwa na sisimizi. Wa aina iliyokwisha duniani kabla ya watu, Anselmo alisema siku alipoichimba, akamwonya mkewe: yenye mdudu haitobolewi. Lakini majirani walimsifu mtoto kupita kiasi, naye Pascuala kwa hofu akaitoboa hiyo hiyo iliyokuwa karibu, kwa sindano ya moto, apate kupitisha uzi.

"Anselmo! Amka, lete taa!"

"Nini tena, mwanamke? Si nimelala sasa hivi?"

Akamulika. Sisimizi hayumo. Limebaki umbo lake tu, miguu sita ya utupu, na kitundu cha sindano kinanuka utomvu mbichi kama mti uliokatwa leo.

"Ulitoboa," alinong'ona. "Mungu wangu, Pascuala, ulitoboa!"

Alfajiri wakakimbia kwa Mama Petrona, mganga. Akawasha mishumaa, akampitishia mtoto yai mwilini, akalipasua kwenye glasi: kiini kigumu, cha njano, kinapitisha mwanga kama kaharabu. Nicolasa akalia, na machozi yakatoka mazito, yakateremka polepole na kuganda shavuni, na Pascuala akawa anayabandua kwa kucha huku akimwita kila mtakatifu anayemjua, na mengine yakaja, mazito zaidi, hadi kope za jicho la kushoto zikashikana.

"Mtoe, mama! Nakuomba, mtoe!"

"Nimtoe kwa jina gani, mwanangu? Pepo huyu alikuwepo kabla ya majina." Petrona alishaanza kuzima mishumaa. "Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Sisimizi huacha njia, wenzake wakaifuata. Kila utakayemsimulia, umemchorea njia hadi kitandani kwake. Mimi umeshanimaliza. Nendeni."

Nyumbani walimkuta Tomasa, dada yake Pascuala, mlangoni.

"Mbona mmetoka mapema hivi? Mtoto ana nini? Hebu nimbebe."

Pascuala akavuta shali, akamfunika mtoto uso. Chini yake jicho la kulia nalo lilikuwa linafumba.

"Hana kitu, dada. Amelala."

Akaingia, akafunga mlango, akamwapia Anselmo kwamba hatamwambia mtu mwingine.