Pumzi Zilizotupwa

Kwanza ulikuwa mvumo tu, na mvumo kwa fundi sauti si habari, kama vile mafua si habari kwa daktari. Fundi alivaa hedifoni zake Jumanne asubuhi, akafungua sura ya nne ya kitabu cha elimu ya udongo, na chini ya sauti ya mkewe akasikia kitu kinanguruma kwa mbali, mithili ya friji ya jirani. Akazima friji yao. Kitu kile hakikukoma, maana sauti ilikwisha rekodiwa, lakini mtu aliyechoka hufanya kwanza lililo karibu na mkono. Akashuka ngazi kumwuliza jirani kama friji yake ilikuwa mbovu jana. Jirani akamwambia hana friji.

Kazi ya nyumba hiyo ilikuwa moja. Mke alisoma vitabu kwa sauti. Mume alirekodi na kusafisha. Maktaba ya Sauti ilivichukua na kuwapelekea wasioona. Chumba cha pili cha nyumba yao ya ghorofani ndicho kilichokuwa studio: magodoro mawili ya zamani yamesimamishwa ukutani, blanketi mlangoni, kipaza sauti mezani na kompyuta chini ya meza, ikipumua vumbi. Walirekodi saa saba mchana, kwa kuwa hiyo ndiyo saa mtaa unaponyamaza, maseremala wa chini wakiwa wamekwenda kula na watoto wakiwa bado shule. Wazee walikwisha sema kwamba saa ya jua la utosi si ya binadamu kukaa mahali pa kimya. Lakini wazee hao hawakuwa na mkataba wa kusoma kurasa mia sita kila mwezi.

Mkataba wenyewe ulikuwa na kanuni ishirini na mbili, na ya kumi na nne ilisema: "Msomaji asisikike akipumua."

"Aliyeandika hii hapumui," mke alisema siku walipoweka sahihi. "Ndiyo maana kapandishwa cheo."

Basi kila mke alipovuta pumzi, mume aliikata na kuitupa. Lakini hukati sauti ukaacha tundu. Sikio likitoka kwenye chumba chenye uhai likaingia kwenye utupu wa kompyuta, hushtuka kama mguu uliokosa ngazi. Kwa hiyo mafundi hurekodi kimya cha chumba chenyewe, dakika moja, bila mtu kusema wala kusogea, kisha hutumia vipande vya kimya hicho kuziba palipokatwa. Sheria ya ufundi ni kurekodi kimya kipya kila siku ya kazi. Yeye alirekodi mara moja tu, siku ya kwanza walipohamia, saa saba, mkewe akiwa bado sokoni. Kilikuwa kimya kizuri, kizito, kama maji ya mtungini. Akakipenda, na kazi zilipozidi akakitumia hichohicho kwa miaka mitatu na vitabu thelathini na kimoja.

Sasa mvumo. Fundi akaanza palipostahili. Waya wa kipaza sauti ulikuwa umelala sambamba na waya wa umeme kama wapenzi, akawatenganisha. Mvumo ukapungua. Kadi ya sauti ilikuwa ndani ya kompyuta, imebanana na kadi ya picha, na kadi ya picha ina kelele zake; akanunua kisanduku cha sauti cha nje. Ukapungua tena. Akabadili pawasaplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, akahamisha plagi zote kwenye soketi moja, akatafuta waya wa USB ulio mnene kuliko mkia wa paka. Mkewe akauliza kama na yeye atanunuliwa koo jipya.

Kila alipobadili kitu, mvumo ulikufa kidogo, na nyuma yake kikatokeza kitu kingine kwa ubora mzuri kabisa. Siku ya waya mnene alikisikia wazi. Kilikuwa kinavuta na kutoa.

Alimpelekea muuza vifaa rekodi hiyo. Muuza vifaa alikuwa mtu wa vipimo. Aliwahi kumfukuza dukani mteja aliyedai waya wa dhahabu unapendezesha muziki. Alisikiliza sekunde kumi, akavua hedifoni na kuzifuta kwa kitambaa, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Mzee," alisema, "huo waya unapitisha namba tu. Namba haina mapafu. Umeme mchafu ukiingia utavuma, utakwaruza, utalia tititi. Haupumui."

"Basi nini hiki?"

"Mimi nauza nyaya," alijibu, na siku hiyo alifunga duka mapema.

Nyumbani, mke alikuwa ameanza kuchoka. Ngazi za ghorofa ya pili alizipanda kwa vituo viwili. Katikati ya sentensi alisimama mahali pasipo na koma, akashika ukingo wa meza, kisha akasingizia waandishi wa siku hizi. Daktari alimpima akasema mapafu ni mazima, labda apunguze mawazo. Mume aliposikia hivyo usingizi ukamtoka, kwani alikuwa na grafu ya sauti ya mkewe ya miaka mitatu, na katika grafu hiyo vilima vilikuwa vinashuka mwezi hadi mwezi, polepole, kama taa inayoishiwa mafuta.

Wiki hiyohiyo Maktaba ikaleta barua. Ilieleza kwa masikitiko kwamba katika sura zilizokwisha pelekwa za kitabu cha udongo anasikika msomaji wa pili ambaye hajasajiliwa. Fundi aliombwa ajaze Fomu Namba Saba kwa nakala tatu, aambatishe picha mbili za msomaji huyo, zenye mandhari meupe, masikio yakionekana.

Siku iliyofuata, saa saba, mke aliketi mbele ya kipaza sauti akaanza sura ya tisa. Mtaa ulikuwa umenyamaza. Kutoka kwenye feni ya kompyuta ikaja harufu ya udongo uliolowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili. Mume akasikia katika hedifoni pumzi ya pili ikitangulia ya mkewe, ikivuta kabla yake, ikimnyang'anya hewa mdomoni, na kwa kuwa mikono yake haikujua kazi nyingine alichomoa waya wa kipaza sauti, na pumzi ikaendelea, akachomoa waya wa USB, na pumzi ikaendelea, akang'oa plagi ya kompyuta ukutani mpaka feni ikazunguka mara ya mwisho ikasimama na taa zote zikazimika, na pumzi ikaendelea, na mwisho akauvuta hata waya wa hedifoni zenyewe na kubaki ameushika mkononi, ncha yake ikining'inia hewani bila kuunganishwa na kitu chochote chini ya jua, na masikioni mwake kitu kile kikavuta, kikatoa, kikavuta, wakati mkewe mbele yake ameachama mdomo, kifua hakipandi, macho yakimtazama kama mtu anayesubiri zamu kwenye foleni.

"Ulizitupa, fundi," ilisema sauti ndani ya hedifoni. Ilikuwa sauti ya mkewe, ya miaka mitatu iliyopita, ile iliyojaa. "Mimi nimeziokota."

Alizitupa hedifoni ukutani. Mke akavuta hewa kwa kishindo, akaanguka mikononi mwake.

Waliitwa watu wawili wa kuongea na majini, lakini aliyekuja ni mmoja: mama mdogo wa mke, aliyejulikana kwa dua zake na kwa miaka thelathini ya ukarani wa masjala. Hakufukiza kitu wala hakupandisha sauti. Alivuta kiti hadi mbele ya spika za studio, nyaya zake zimechomolewa, akavaa miwani, akafungua daftari na kumhoji jini kama mwombaji aliyekosea dirisha. Umekaa hapa tangu lini? Kabla ya nyumba. Ulikuwa unafanya nini? Nilikuwa kimya. Una shida gani na binti yangu? Hapo spika zikasema kwa uchovu mkubwa:

"Kimya kilikuwa changu. Wamekikatakata, wamekipeleka kwa watu nisiowajua. Kila walipochukua kipande, waliacha pumzi chini. Nikadhani tunabadilishana."

Mama mdogo akafunga daftari.

"Huyu hafukuziki," alimwambia fundi jikoni, kwa sauti ya chini. "Mwizi hufukuzwa. Huyu mmefanya naye mapatano pasipo kujua. Mrudishie vyake, naye arudishe vyenu."

Kurudisha kulikuwa na njia. Rekodi ghafi za vitabu, zenye pumzi zote, zilikuwa kwenye diski kabatini. Fundi alikaa nazo wiki saba. Kitabu baada ya kitabu, alitoa vipande vya kimya kile, akairudisha kila pumzi mahali ilipokatwa: pumzi za asubuhi ya mafua, pumzi za kucheka, pumzi ndefu za mwisho wa sura. Shingo ilimkauka, macho yakawa mekundu, lakini kila kitabu kilipokamilika mke alipanda ngazi moja zaidi bila kusimama. Kwenye kitabu cha ishirini alimkaripia mumewe kwa sentensi nzima yenye vishazi vitatu, naye akalia kwa furaha.

Maktaba ilivipokea vitabu vipya, ikavikataa vyote kwa mujibu wa kanuni ya kumi na nne, kisha ikasitisha mkataba na kuwatakia kila la heri. Hawakuijali.

Kilibaki kitabu kimoja, kile cha kwanza kabisa. Rekodi yake ghafi haikuwepo. Fundi aliifuta mwenyewe mwaka ule wa kwanza, diski ilipojaa, na sasa alipekua kila diski mara tatu, akaziendesha programu za kufufua mafaili, akaenda hata kwa muuza vifaa, ambaye alimhudumia akiwa amesimama mlangoni. Haikupatikana. Akapendekeza mkewe akisome upya. Mama mdogo akatikisa kichwa: hizo zingekuwa pumzi nyingine. Zile za kitabu kile zilikuwa kwa jini mwenyewe, na hakuna nakala.

Akaketi tena mbele ya spika na daftari lake, na alipoinuka alikuwa amezeeka. Makubaliano aliyoyapata yalikuwa haya: zile zilizobaki jini angezitumia saa saba tu, dakika moja kwa siku, na katika dakika hiyo yeye angepumua, mke asingepumua.

Ndivyo wanavyoishi. Spika waliziuza, lakini haikusaidia. Sasa pumzi inatoka penye soketi, nyuma ya godoro. Kila siku saa saba mke huketi kitandani, mume humshika mkono na kutazama saa ya ukutani. Kifua cha mke hutulia. Chumba huvuta, hutoa, huvuta. Mke husema hakuna maumivu, ni kama kungoja mtu amalize kunywa kwenye kikombe chako.

Jana mshale ulipomaliza mzunguko, fundi alisema kama kawaida, "Zamu yako imekwisha. Mwachie."

Ukuta ukatoa pumzi. Kisha, kwa sauti ya mkewe, ya upole, ya mtu aliyechoka kama yeye, ukamwomba:

"Pumzi moja zaidi tu, fundi."

Alimtazama mkewe, midomo yake iliyoanza kufifia rangi. Alijua jibu ni lipi. Lakini alikuwa hajalala vizuri tangu ule mvumo, na sauti ile alikuwa ameipenda kwa miaka kumi na tisa, na haikuwahi kumwomba kitu akainyima.

"Moja," alisema, akaukaza mkono wa mkewe, na kuanza kuhesabu.